Pua Si Mizani: Kupima Maji na Hewa Palipomwagika Mafuta

Mazungumzo yaliyotolewa Buhembe, Bukoba, mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Jambo nililoombwa kulieleza ni upimaji wa maji na hewa mahali ambapo petroli, dizeli au mafuta ya taa yameingia ardhini. Huenda mwanachama akauliza, je, jambo hili lina uhusiano gani na chama cha kahawa? Lina uhusiano wa karibu. Mashine ya kumenya kahawa inayoendeshwa kwa dizeli, jenereta ya ofisi, pipa lililoegemezwa ukutani mwa ghala, kituo cha mafuta kilichojengwa mlimani juu ya chemchemi, boti zinazojazwa mafuta ufukweni mwa Ziwa Viktoria, yote haya ni mambo ya kwetu. Aidha, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepitishwa katika mkoa wetu wa Kagera.

Neno langu kuu ni moja. Mafuta yakiingia katika maji, pua na macho hayatoshi kutoa hukumu. Kinachotoa hukumu ni sampuli iliyochukuliwa kwa utaratibu, ikaandikwa, na kulinganishwa na sampuli iliyochukuliwa kabla ya madhara. Mwenye kupima ni mtaalamu; lakini mwenye kuhakikisha kwamba kazi imefanywa sawasawa, na mwenye kutunza kumbukumbu zake, ni chama.

MAFUTA YAKIFIKA ARDHINI

Petroli, mafuta ya taa na dizeli yote ni mepesi kuliko maji. Yakimwagika, kwanza hunywewa na udongo. Yakiwa mengi, huteremka mpaka yakutane na maji yaliyo chini ya ardhi, na hapo huelea juu yake na kusafiri kufuata mwelekeo wa maji. Mvua za Bukoba, ambazo kwa mwaka mzima hufikia karibu milimita 2,000, huyasukuma mbali zaidi. Tena miamba ya huku kwetu ni ya mchanga ulioshikamana, yenye nyufa nyingi. Na maji yanayopita katika nyufa hayangojei mtu. Mafuta yaliyomwagika juu ya mlima yaweza kutokea katika chemchemi ya bondeni, kwenye kibanja cha mtu ambaye hajawahi kumiliki hata chupa ya petroli.

Lakini si mafuta yote yanayoelea. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na baadhi ya vitu hivyo huyeyuka katika maji. Vinavyotafutwa kwanza na wataalamu ni vinne, navyo ni benzini, tolueni, ethilibenzini na zailini. Kwa hatari, benzini ndiyo ya kwanza, kwa sababu imethibitishwa kuwa huleta saratani ya damu kwa watu. Ieleweke kwamba hapa benzini si jina jingine la petroli, bali ni kiungo kimojawapo kilichomo ndani yake.

Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa benzini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Yaani gramu moja tu ya benzini yatosha kuyafikisha kwenye mpaka huo maji lita 100,000. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 kwa ujazo ina karibu gramu 9 za kitu hicho. Makatibu, ambao mmezoea hesabu, mtaona wenyewe kwamba lita hiyo moja, kama benzini yake yote ingeyeyuka, ingefikisha mpakani maji lita 900,000 hivi.

Dizeli ina benzini kidogo sana. Hata hivyo si rafiki. Huganda katika udongo na kukaa miaka mingi, ikitoa uchafu wake kidogo kidogo kila mvua inyeshapo.

PUA SI MIZANI

Watu wetu wana desturi ya kunusa maji na kuyatazama kama yana rangi za upinde wa mvua. Desturi hiyo si mbaya, kwa maana maji yakinuka mafuta, hiyo ni sababu tosha ya kuacha kuyanywa siku hiyo hiyo. Kosa ni kuigeuza na kusema kwamba maji yasiyonuka ni salama. Benzini peke yake huwa imekwisha kuupita mpaka wa afya zaidi ya mara mia kabla ya pua ya binadamu kuitambua ndani ya maji. Petroli nzima hunuka mapema zaidi, lakini mafuta yaliyokaa ardhini muda mrefu hupoteza harufu yake kali, na kile kilichoyeyuka hubaki. Isitoshe, anayeishi karibu na harufu huizoea, akawa haisikii tena.

Desturi ya pili ni kuchemsha. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba maji yaliyochemshwa ni salama, na kwa vijidudu vya kuhara na kipindupindu fundisho hilo ni sahihi. Kwa mafuta si sahihi. Kuchemsha huutoa mvuke wa mafuta majini na kuuingiza jikoni, mahali alipo mama na mtoto mgongoni. Maji yanayoshukiwa kuwa na mafuta yasichemshwe wala yasiogewe ndani ya chumba kilichofungwa; yaachwe, na yatafutwe mengine.

Mwezi Novemba 2021, huko Hawaii, nchini Marekani, mafuta ya ndege kutoka katika ghala la jeshi la wanamaji liitwalo Red Hill yaliingia katika mfumo wa maji uliokuwa ukihudumia watu wapatao 93,000. Wakazi walisikia harufu bombani wakalalamika. Mwanzoni waliambiwa kwamba hapakuwa na dalili ya maji kutokuwa salama. Siku chache baadaye sampuli zikaonyesha mafuta. Funzo lake lina pande mbili. Lalamiko la mwananchi lisidharauliwe. Na jibu la lalamiko si maneno ya kutuliza, ni chupa ya sampuli.

FUNZO LA THANGE

Mfano wa karibu zaidi upo kwa jirani zetu wa Kenya. Bonde la Thange liko Kibwezi, katika Kaunti ya Makueni, na linapitiwa na bomba la mafuta la zamani la kutoka Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978. Mwezi Mei 2015 iligundulika kwamba bomba hilo lilikuwa limevuja na petroli ilikuwa imeingia katika mto na katika maji ya ardhini. Wakazi wa bonde hilo ni wakulima wadogo kama sisi; walitegemea mto na visima kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia bustani. Vipimo vilionyesha benzini katika maji, na watu wakalazimika kuletewa maji kwa magari.

Kuvuja kwa bomba kulizibwa mapema, lakini shauri halikuisha mapema. Wakulima walidai kwamba mashamba, mifugo na afya zao vimeharibika, na ikabidi kuthibitishwa ni nini kilichoharibika, mahali gani, na kwa sababu gani. Mwaka 2025, yaani miaka 10 baada ya mafuta kuonekana, mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Ndugu wanachama, miaka 10 ni muda wa mtoto kuanza shule na kuimaliza. Katika shauri la namna hii, karatasi za maabara zenye tarehe, mahali na sahihi husimama pale ambapo kumbukumbu ya mtu imekwisha kuchoka.

NAMNA YA KUCHUKUA MAJI

Ninyi mnajua kazi ya sampuli. Mpokeaji wa kahawa haamini gunia kwa kulitazama mdomoni. Huchoma pande mbalimbali, huchanganya, hupima unyevu, kisha huandika. Maji yenye petroli yanafanana na kahawa kwa jambo hilo la uangalifu, ila yanatofautiana nayo kwa moja, nalo ni kwamba hayachanganywi wala hayamiminwi kutoka chombo hadi chombo, kwa maana kila mmimino hupoteza mvuke, na kipimo hutoka pungufu.

Mtaalamu akifika kijijini, katibu na aangalie mambo yafuatayo:

(a) Chupa. Kwa vitu vinavyoruka kama benzini hutumika vichupa vya kioo vya mililita 40, vyenye kifuniko kisichopitisha mvuke. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani au dumu la mafuta ya kupikia havifai kabisa. Kwa dizeli hutumika chupa kubwa ya kioo cheusi, ya lita moja.

(b) Kujaza. Kichupa kidogo hujazwa polepole mpaka maji yafure mdomoni, kisha hufungwa na kugeuzwa juu chini. Kikionekana kipovu cha hewa ndani yake, sampuli hiyo huachwa na kuchukuliwa nyingine, kwa sababu mvuke wa mafuta hukimbilia ndani ya kipovu.

(c) Dawa na baridi. Huwekwa tindikali kidogo ili vijidudu visile mafuta njiani, na vichupa huwekwa katika barafu, kwenye joto la nyuzi 4 hivi, mpaka maabara. Sampuli ya namna hii hupimwa ndani ya siku 14. Kutoka Bukoba hadi Mwanza ni safari ya kupangwa mapema. Sampuli iliyolala juani stendi ya basi ni kazi bure.

(d) Mpangilio. Huanzwa mahali panapodhaniwa kuwa safi na kumalizwa palipo pachafu, ili mikono na vifaa visihamishe uchafu. Sharti ipatikane sampuli ya juu ya mkondo, kabla ya mahali pa ajali, na nyingine za chini yake. Bila ile ya juu, mshtakiwa atasema uchafu ulitoka kwingine, na pengine atakuwa anasema kweli.

(e) Kisima. Maji yaliyosimama ndani ya kisima cha bomba hutolewa kwanza, mpaka yaje maji mapya ya ardhini. Yakikutwa mafuta yanaelea, unene wa utando huo hupimwa na kuandikwa. Si sawa kuuchota na kuuita sampuli ya maji.

(f) Mikono. Mchukua sampuli huvaa glavu mpya kila mahali, havuti sigara, wala hakutoka kujaza petroli pikipiki yake muda huo huo. Jenereta au pampu ya petroli ikinguruma kando ya kisima, kipimo kinaweza kuionyesha jenereta badala ya kisima.

HEWA

Watu wengi hukumbuka maji na kusahau hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujikusanya katika mashimo, visima na vyoo, na huweza kupenya katika nyufa za sakafu mpaka ndani ya nyumba au ghala. Ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi, cheche moja yatosha kuulipua. Watanzania hatuna haja ya kukumbushwa ya Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo ndugu zetu wapatao 100 walipoteza maisha baada ya lori la mafuta kupinduka na kuwaka moto. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha hewa ni cha usalama, nacho hufanywa kwa chombo cha mkono kinachoonyesha papo hapo kama pana hatari ya mlipuko. Kabla ya kipimo hicho mtu asishuke shimoni, wala asiwashe kibatari.

Kipimo cha pili ni cha afya, nacho huchukua muda mrefu, kwa sababu hatari yake ni ya kuvuta kidogo kila siku. Kwa benzini ya hewani Shirika la Afya Duniani halikuweka kiwango chochote kinachoweza kuitwa salama. Kwa kazi hii hutumika mtungi wa chuma uliotolewa hewa yote, wenye kifaa cha kuruhusu hewa kuingia polepole kwa muda wa saa 24. Au kijibomba chenye chembe za mkaa ambazo hunasa mvuke. Hewa ya nje nayo hupimwa siku hiyo hiyo, upande upepo unakotoka, ili kulinganisha.

Hapa ushirikiano wa mwenye nyumba ni wa lazima. Kama ndani mnawaka taa ya mafuta, au pikipiki imelazwa sebuleni, au mlango umepakwa rangi jana, mtungi utanasa hayo yote. Vitu hivyo hutolewa siku moja kabla au zaidi, na visivyoweza kutolewa huandikwa. Huandikwa pia upepo, joto, na kama mvua ilinyesha, kwa kuwa udongo uliolowa huzuia mvuke usitoke juu na kuusukuma upite chini ya sakafu.

Katika ghala la chama hewa ina jambo jingine. Kahawa ni nyepesi kushika harufu, na mwonjaji huitambua harufu ya mafuta kikombeni. Pipa la dizeli lililokaa mwezi mmoja karibu na magunia laweza kushusha bei ya jasho la mwaka mzima. Kwa hilo hatuhitaji maabara. Pipa na litoke leo.

CHUPA ZA SHAHIDI NA DAFTARI

Wataalamu wazuri hawajiamini wenyewe. Hubeba chupa yenye maji safi iliyofungwa maabara, isiyofunguliwa njiani, ikasafiri pamoja na zile nyingine kwenda na kurudi. Chupa hiyo ikikutwa na benzini, basi uchafu uliingia safarini na si kisimani. Tena huchukua sampuli mbili mahali pamoja, zikapewa namba tofauti, ili kuona kama maabara itatoa jibu moja. Katibu na aulize: chupa za shahidi ziko wapi? Asiyekuwa nazo, matokeo yake yatapingwa kwa urahisi.

Baada ya hapo inakuja karatasi ya makabidhiano. Kila mkono uliopokea chupa huweka sahihi, tarehe na saa, kama vile hati za kahawa zinavyoandamana na mzigo kutoka chama cha msingi hadi chama kikuu. Chama kidai nakala ya karatasi hiyo, na nakala ya matokeo kamili, si muhtasari.

Nanyi mkisoma matokeo, jihadharini na neno "haikuonekana". Neno hilo halina maana ya sifuri. Lina maana kwamba kitu hicho, kama kipo, ni kidogo kuliko uwezo wa chombo kukiona. Kama chombo huanza kuona benzini kuanzia miligramu 0.05 kwa lita, na mpaka wa afya ni 0.01, basi "haikuonekana" haijatuambia lolote la kutufaa. Ulizeni uwezo wa chombo kabla ya kulipa.

Wala kipimo kimoja hakitoshi. Maji ya ardhini hupanda masika na kushuka kiangazi, na mafuta hupanda na kushuka pamoja nayo. Kisima kilichoonekana safi mwezi Agosti chaweza kuwa kichafu mwezi Aprili. Upimaji urudiwe katika majira yote ya mwaka, mahali pale pale, kwa njia ile ile.

SAMPULI YA KABLA

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ningependa mliondoke nalo. Sampuli yenye thamani kuliko zote ni ile inayochukuliwa wakati hakuna tatizo lolote. Chemchemi ikipimwa leo ikiwa safi, na karatasi ikahifadhiwa, kesho likitokea lolote hakuna atakayesema kwamba maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani. Na kama leo yana kasoro, ni afadhali kujua sasa kuliko kumsingizia jirani baadaye. Kipimo huwalinda pande zote, mwenye kulalamika na mwenye kulalamikiwa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inakubali kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Lakini haki bila ushahidi ni kama stakabadhi isiyo na muhuri.

Gharama ya maabara ni kubwa kwa kijiji kimoja. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa ushirika. Napendekeza mambo manne myachukue kwenye mikutano yenu mikuu:

1. Kila chama kichore ramani ya eneo lake, ionyeshe chemchemi, visima, vituo vya mafuta, mashine, mapipa na matangi ya zamani yaliyozikwa na kusahauliwa.

2. Vyama vya jirani vichangie pamoja upimaji wa kabla katika chemchemi zinazotegemewa zaidi, kwa kumtumia mtaalamu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria, au maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa, Mwanza.

3. Mafuta yakimwagika, katibu aandike saa, mahali, aina na kiasi; azuie moto; awazuie watu wasichote mafuta wala maji; atoe taarifa siku hiyo hiyo kwa serikali ya kijiji au mtaa, zimamoto, afisa afya, na mamlaka ya mazingira. Asifukie udongo kabla haujapimwa.

4. Liwepo daftari moja la maji katika kila ofisi, likaguliwe kama linavyokaguliwa daftari la fedha.

Ndugu Wanachama, wazee wa ushirika walitufundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya kahawa na fedha. Chemchemi ni mali kubwa kuliko zote mbili, kwa maana kahawa ikifa hupandwa upya, bali maji yaliyoingia mafuta huweza kumngojesha mtu kizazi kizima. Daftari lake lianze mwaka huu, wakati maji yangali safi.